Maziwa Yalikwenda Wapi? Neno juu ya kitabu "Shamba la Wanyama"

Kuna kitabu kidogo ambacho mtu aweza kukimaliza kwa jioni mbili, kisha kikamsumbua moyoni mwaka mzima. Ndicho "Shamba la Wanyama". Aliyekitunga ni Mwingereza George Orwell, nacho kilitoka London mwezi wa Agosti 1945. Fortunatus Kawegere alikigeuza katika Kiswahili, kikapigwa chapa mwaka 1967. Wako wanaokisoma kama hadithi ya kuwachekesha watoto. Wako wanaosema kwamba kinawasuta Warusi tu. Na wako Wakristu wenzetu wanaokikataa kwa sababu ya kunguru mmoja aliyemo. Naona wote watatu hawajakisoma vizuri, na sisi wa pwani hii ya ziwa, toka Swima hata Baraka na Fizi, tuna haja nacho kuliko wengi.

Hadithi ni hii. Wanyama wanateswa na mwenye shamba, mlevi asiyewajali. Wanamfukuza, wanaandika amri saba ukutani, na wanaapa kwamba tangu siku ile wote watakuwa sawa. Nguruwe, kwa kuwa wana akili zaidi, wanashika uongozi. Mmoja wao, Napoleon, anamfukuza mwenzake Snowball kwa mbwa aliowafuga kwa siri. Tangu hapo amri zinabadilika ukutani moja moja. Mwishowe nguruwe wanatembea kwa miguu miwili, wanakula na kunywa pamoja na watu, na wanyama wanaochungulia dirishani hawawezi tena kumtambua nani mtu, nani nguruwe.

Ni kweli Orwell alikuwa akiwafikiria Warusi, mapinduzi yao ya 1917, na Stalin. Wapiga chapa kadhaa walikikataa kitabu hiki, maana wakati ule wa vita Urusi ilikuwa upande mmoja na Uingereza. Lakini mfano mzuri haukai katika nchi moja. Bwana wetu alisimulia habari ya mpanzi huko Galilaya, na hata leo kila mkulima wa muhogo anajiona ndani yake.

Basi, uovu wa nguruwe ulianza lini? Wengi watajibu: siku ya mbwa. Sivyo. Ulianza siku ile ile ya furaha, wanyama walipokwenda kukata majani na waliporudi wakakuta maziwa hayapo. Nguruwe walikuwa wamejiwekea. Baadaye wakajiwekea na matufaa, wakieleza kwamba wanakula kwa faida ya wote, ili wapate nguvu za kufikiri. Hakuna aliyepigwa siku ile, wala hakuna aliyeuliza sana. Hapo ndipo naona ustadi mkubwa wa mwandishi. Anatufundisha kwamba uongozi hauharibiki kwanza kwa damu. Unaharibika kwa kikombe cha maziwa chenye maelezo mazuri. Damu huja baadaye, kuyalinda maziwa.

Tutazame kwetu. Mwaka 1965, kuanzia Aprili hata Novemba, Che Guevara alikaa katika milima yetu kuwasaidia waasi. Hakuwa mtu wa Kanisa, wala hakuwa adui wa mapinduzi. Lakini katika maandishi yake aliwalalamikia wakubwa waliokaa mbali, ng'ambo ya ziwa, katika starehe, huku askari wao wakiteseka mlimani. Laurent-Désiré Kabila mwenyewe alifika kambini mwezi wa Julai, akakaa siku chache tu, akarudi zake. Mapinduzi yalikuwa hayajashinda bado, na maziwa yalikuwa yamekwisha kupotea.

Mwaka 1967, kitabu hiki kilipotoka kwa Kiswahili, kuta nyingi ziliandikwa amri mpya. Huko Kinshasa Mobutu alianzisha chama cha MPR na kukitolea ilani yake pale N'sele. Kikawa chama pekee. Na mwaka 1972 wananchi walikatazwa hata majina ya kigeni waliyopewa katika ubatizo, huku mkubwa akijijengea majumba Gbadolite. Katika milima ya Fizi, mwaka ule ule wa 1967, Kabila alianzisha chama chake cha PRP ili kumpinga. Alipigana karibu miaka 30. Tarehe 17 Mei 1997 majeshi yake yaliingia Kinshasa, na mwezi ule ule shughuli za vyama vingine zikasimamishwa, na amri zote zikawa mkononi mwake. Aliyechungulia dirishani mwaka ule alikuwa na haki ya kufikicha macho.

Huko Tanzania nako, Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili, na kupangisha nyumba. Zilikuwa amri nzuri. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kilizilegeza. Sisemi kwamba Tanzania imekuwa shamba la Napoleon. Mwalimu Nyerere, mwana wa Kanisa, aliacha urais kwa hiari yake mwaka 1985, jambo ambalo Orwell hakulionyesha katika kitabu chake chote. Na hapo ndipo namlaumu kidogo: katika shamba lake kila mwenye kushika madaraka anaoza, kana kwamba hakuna neema wala dhamiri. Imani yetu inafundisha kwamba moyo wa mtu umejeruhiwa kwa dhambi, lakini haukuuawa.

Sasa yule kunguru. Jina lake Moses, naye anawasimulia wanyama habari za nchi ya raha mbinguni. Kwanza nguruwe wanampinga. Baadaye, anaporudi, wanamruhusu kukaa na kumpa pombe kila siku, kwa kuwa hadithi zake zinawatuliza wenye njaa. Je, ni tusi kwa dini? Orwell hakuwa muumini, na yawezekana alikusudia kutuchoma. Lakini tusome kwa makini: kunguru hahukumiwi kwa kusema habari za mbinguni. Anahukumiwa kwa sababu anakula mezani pa nguruwe na hasemi neno juu ya maziwa. Nabii Eliya alisema habari za Mungu, tena akamwendea mfalme Ahabu usoni kwa ajili ya shamba la Naboti. Na tarehe 28 Novemba 1964, hapa kwetu Baraka, waasi walimwua Bruda Vittorio Faccin. Mkuu wao alimtaka Padre Luigi Carrara afuatane naye. Padre alikataa, akachagua kufa pamoja na ndugu yake. Siku ile ile, huko Fizi, waliuawa Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert, Mkongo. Wote wanne walitangazwa Wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Hao hawakuwa kunguru wa mtu yeyote.

Nani basi wa kulaumiwa shambani? Napoleon, ndiyo. Lakini yuko Boxer, farasi mwenye nguvu na moyo safi, aliyeamini kwamba mkubwa hakosei kamwe. Akauzwa achinjwe alipochoka. Na yuko punda Benjamin, aliyejua kusoma kama nguruwe, asisome kwa sauti mpaka gari la mchinjaji lilipokuwa likimchukua rafiki yake. Huyo ndiye anayenitisha kuliko wote. Sisi tuliofundishwa kusoma, makatekista, walimu, makarani wa vyama vya ushirika, wajumbe wa baraza la parokia, tunauona ukuta unapobadilishwa. Tunaona pia sanduku la sadaka linapohesabiwa na mtu mmoja mlango ukiwa umefungwa.

Kristu aliwaosha miguu mitume wake usiku ule ule alioketi nao kama Bwana na Mwalimu. Kiongozi apimwe kwa beseni lile. Na siku ya kwanza ya kila uongozi, mkubwa au mdogo, serikalini au kigangoni, wakati nyimbo za shangwe zingali zikiimbwa, mtu mmoja asimame kwa adabu na kuuliza: maziwa yako wapi?