Stendi ya pembeni haisafiri

Kazi ilikuwa imekwisha. Pikipiki, Harley Road King, imesimama wima ndani ya gereji ya tela, gurudumu la mbele limezama kwenye kibanio mpaka likagota, mikanda miwili ya mbele imekazwa sawasawa. Ilibaki mikanda ya nyuma tu, mlango ufungwe na safari ya kutoka Amarillo kwenda Sturgis ianze. Halafu, kama mlivyoona wenyewe kwenye video, bwana mwenye pikipiki akasita. Akalegeza alichokwisha kukaza, akairudisha pikipiki nyuma kiasi cha shibiri moja, akaikunjua stendi ya pembeni kwa kisigino na kuiegemeza kushoto. Ndipo akafunga upya. Kitumbua kikaingia mchanga pale pale. Kioo kilichovunjika njiani na kabati lililopasuka mlango, vyote vilianzia kwenye kisigino kile, na hadithi za upepo wa New Mexico alizotusimulia baadaye tuwaachie wanaopenda hadithi.

Haki yake tumpe, tena upesi. Tela la fifthwili, ile nyumba ya kukokotwa yenye gereji nyuma, aliliunga vizuri: pini ya kuliungia kwenye pikapu ilifungwa, akalijaribu kwa kulivuta huku breki za tela zimeshika, akachomeka waya wa breki ya dharura, akapandisha miguu, akapita mizanini. Mlango wa rampu aliulaza kwenye ardhi iliyoinuka, mteremko ukapungua, na pikipiki akaipandisha kwa winchi injini ikiwa imezimwa. Safi.

Sasa turudi kwenye kisigino. Mwenzake aliyekuwa upande wa kulia alionekana kushangaa, na bwana akamtolea sababu tatu. Ya kwanza, kwamba mikanda ikizikandamiza shokapu za mbele siku mbili mfululizo itaua sili. Ya pili, kwamba stendi ya Harley hujifunga yenyewe, haiwezi kujikunja. Ya tatu, kwamba pikipiki iliyokaa juu ya magurudumu mawili na stendi ina miguu mitatu, na miguu mitatu ni imara kuliko miwili. Zote tatu zina sauti ya utaalamu. Zote tatu hazisimami.

Hii ya sili ni ugonjwa wa zamani na wasomaji wa safu hii wanajua nimeupigia kelele mara ngapi. Shokapu ya mbele ya pikipiki barabarani hubonyea na kurudi bila kupumzika; hiyo ndiyo kazi yake. Sili huuliwa na mchanga unaonata kwenye bomba, na mikwaruzo na kutu inayouchana mdomo wa mpira kila bomba linapopita. Shokapu iliyobonyezwa theluthi moja na kuachwa hapo haina cha kuogopa. Cha kuogopwa ni kuikandamiza mpaka mwisho, ikose nafasi ya kucheza, ili kila shimo la barabarani lipige chuma kwa chuma na kuishia kwenye mkanda. Dawa ya hilo ni kukaza kiasi na kuacha. Shokapu ya Road King inacheza sentimita zisizozidi 12. Ukiibonyeza nne hivi umemaliza. Na kama hata hizo nne zinakunyima usingizi, vipo vibanio vinavyolishika gurudumu lenyewe, ukafunga kidogo tu mbele. Yeye kibanio cha namna hiyo alikuwa nacho, kimefungwa sakafuni kwa bolti. Akaitoa pikipiki ndani yake kwa mikono yake mwenyewe.

Ya pili ndiyo inayoniudhi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Stendi ya Harley inajifunga, ndiyo, lakini inajifunga ikiwa imesukumwa mbele mpaka mwisho na uzito wa pikipiki umeilalia. Uzito ndio kufuli. Pikipiki ikiinuka, hata kwa nukta moja ya sekunde, kufuli limefunguka. Na stendi hii hukunjuka kwa kwenda mbele, kwa hiyo pikipiki ikisogea mbele nayo hujikunja kurudi nyuma. Maegeshoni, pikipiki imetulia chini ya mti, hayo hayatokei. Ndani ya tela linalokimbia kilomita 100 kwa saa, kuinuka na kusogea mbele ndiyo maisha ya kila dakika.

Ya tatu inafutwa na hesabu. Pikipiki ikiwa imeegeshwa, sehemu kubwa ya uzito iko kwenye magurudumu. Stendi inabeba sehemu ndogo tu ili isianguke. Ukiongeza mikanda minne inayovuta kwenda chini, stendi ya kushoto inabebeshwa mzigo ambao haikuundiwa, na inauteremsha wote kwenye kisahani cha chuma kisichozidi kiganja cha mtoto, juu ya sakafu ya mbao iliyotandikwa mpira. Mlipoonyeshwa sakafu baada ya pikipiki kuondolewa, mliliona lile duara: mpira umekatwa kingo zote kama kwa mundu, na mbao chini yake imebonyea kina cha unene wa sarafu mbili. Kila milimita ambayo kisahani kilizama, mikanda ya kushoto ililegea milimita yake.

Na kulegea huko kulidhuru kwa kuwa ilikuwa mifupi. Pikipiki iliyolala kushoto inafungwa na mikanda isiyolingana: ya kulia mirefu, imelala, ya kushoto mifupi, karibu imesimama wima. Mkanda mrefu ukilegea kidogo bado unavuta. Mkanda mfupi uliosimama ukilegea kidogo umekwisha. Pikipiki iliyo wima hufungwa kwa mikanda minne yenye urefu mmoja na mlalo wa nyuzi 45 hivi, kila mmoja ukipingana na mwenzake, na hakuna upande unaonyanyaswa.

Kamera aliyoifunga juu ya mlango ilituonyesha mwisho wake. Kwenye kivuko cha reli anagusa breki, tela linaruka. Angalieni ndoano ya nyuma kushoto: inatikisika ndani ya pete, inalala, inatoka, inaning'inia. Ni ndoano ya mdomo wazi, isiyo na ulimi wa kuifunga. Mikanda ya kulia, ambayo haina tena wa kupingana nayo, inaivuta pikipiki isimame. Uzito unatoka kwenye stendi. Breki inaisukuma mbele, na mbele ipo ile shibiri aliyoiacha mwenyewe, kwa hiyo inasogea, stendi inajikunja, na Road King inalala kulia mpaka kioo kinakutana na kabati. Mkanda wa mbele kushoto ndio uliobaki umeishikilia isifike sakafuni. Bila mkanda ule tungekuwa tunazungumzia tangi la petroli lililopinduka ndani ya nyumba yenye jiko la gesi.

Pikipiki hiyo ina kilo zipatazo 375. Kanuni za Marekani kwa malori ya biashara zinataka mzigo ufungwe ustahimili nguvu ya kwenda mbele ya asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwenda pembeni au nyuma. Hizo ni kilo 300 mbele na karibu 190 kwa kila ubavu. Tela la familia halibanwi na kanuni hiyo, lakini breki hazijui nani ana leseni ya biashara. Kibanio cha gurudumu kingezipokea zile kilo 300 moja kwa moja na kuzipeleka sakafuni. Yeye akaziachia stendi na nusu ya mikanda. Kumbukeni pia kwamba gereji iko nyuma ya ekseli, na nyuma ndiko tela linakorukaruka kuliko sehemu nyingine yoyote. Lililo kosa dogo kwenye pikapu huko linakuwa kosa kubwa.

Wapo wachambuzi wenzangu walioikimbilia pini: eti mzigo wa nyuma ulipunguza uzito kwenye pini, tela likawa linayumba. Hapana. Chukueni tela la kilo 6,500, pini imebeba kilo 1,300. Wekeni kilo 375 mita mbili na nusu nyuma ya ekseli, na kutoka ekseli mpaka pini iwe mita nane. Pini inapungukiwa kilo 117 hivi. Inabaki na asilimia 17 ya uzito wote, na kinachotakiwa ni kati ya 15 na 25. Matela haya huundwa pini nzito makusudi, kwa kuwa mwundaji anajua gereji itajazwa. Mizani ilimpitisha na mizani ilikuwa sahihi.

Nikishafika kwenye mikanda siwezi kuuacha mkanda wa racheti. Ule ni wa kufungia trekta. Unampa mtu asiye na kipimo mkononi nguvu ya watu watatu, kisha anashangaa shokapu imegota. Kwa pikipiki, mkanda wa bizimu la kubana unatosha: unauvuta kwa uzito wa mwili wako, na unapokuishia nguvu ndipo ulipotakiwa kuishia. Soma pia maandishi yaliyoshonwa pembeni. Mkanda ulioandikwa kuwa unakatika kwa kilo 1,500 unahesabiwa wa kilo 500 za kazi, theluthi moja, na hesabu ifanywe kwa namba ndogo. Mbele, vitanzi vya kitambaa vipite kwenye chuma kinachoshikanisha shokapu mbili chini ya usukani. Hilo, nikiri, alilifanya vizuri. Waundaji wa matela nao wana lao: mara ngapi tumekuta pete za sakafuni zimepangwa kwa pikipiki ya magurudumu manne, mwenye pikipiki ya mawili akabaki anatafuta pembe? Pete mbili za ziada, zilizoshikwa kwenye fremu, zina gharama gani kwenye tela la bei ile?

Lakini tusimlaumu mwundaji kwa kosa la mpakiaji. Kupakia vizuri hakuhitaji tela la bei. Mwaka 1969 Mert Lawwill alichukua ubingwa wa mbio za pikipiki wa Marekani akiwa na Harley, na msimu uliofuata, wakati akilitetea taji lake, ndio tuliouona kwenye filamu ya On Any Sunday ya 1971. Wanariadha wa enzi hizo walilivuka bara zima kutoka uwanja hadi uwanja, pikipiki zikiwa nyuma ya van ya kawaida, bila winchi wala kamera. Pikipiki ilisimama wima, pua imebanwa ukutani, kamba mbili zinavuta mbele na chini. Ukifika na pikipiki iliyopinda usukani hukimbii, na usipokimbia huli. Njaa ilikuwa mwalimu mzuri wa mafundo.

Na huku kwetu nani asiyewakumbuka utingo wa malori ya Scania na Leyland? Gari likisimama kwa chai, dereva anashuka kwenda kunawa, utingo anazunguka. Anaipiga kamba kwa kiganja na kusikiliza inavyoitika. Ikiitika vibaya, chai itasubiri. Kanuni za malori Marekani zimeliandika jambo lile lile kwa namba: kagua mzigo ndani ya maili 50 za mwanzo, kisha kila saa tatu au maili 150, lolote litakalotangulia. Bwana wetu alitoka Amarillo akafika Raton, New Mexico, zaidi ya kilomita 300, hajafungua mlango hata mara moja. Kamera alikuwa nayo, skrini iko mbele yake, na kwenye picha mkanda wa nyuma kushoto unaonekana ukipepea muda mrefu kabla ya kivuko cha reli. Utingo asingehitaji skrini.

Kuhusu kuipeleka Harley Sturgis ndani ya tela, msimamo wangu unajulikana na haujabadilika. Mkusanyiko wa pikipiki wa Sturgis ulianza mwaka 1938, ulianzishwa na watu wa pikipiki kwa ajili ya mbio za pikipiki, na kila Agosti naona mlolongo wa pikapu zimekokota pikipiki zing'aazo hadi nje kidogo ya mji, zishushwe, zipigwe deki, ziingie kwa kishindo kana kwamba zimetoka mbali. Mwenye mgongo mbovu au watoto nyuma namwelewa. Wengine wote, barabara ipo.

Ukishaamua kukokota, basi kokota kwa adabu. Gurudumu ndani ya kibanio, stendi imekunjwa, mikanda minne inalingana, ndoano zenye ulimi, shokapu imebonyea theluthi, kisha utikise usukani kwa nguvu: tela zima likitikisika pamoja na pikipiki, umefunga. Pikipiki ikitikisika peke yake, rudia.

Nasikia sasa bwana yule amepata suluhisho lake: amenunua mikanda minne mipya ya racheti, minene mara mbili ya ile ya zamani, na stendi anaendelea kuikunjua vile vile. Mkanda mnene hautalegea upesi, kweli, lakini nguvu ile ile itaenda mahali pengine, na mahali penyewe ni bolti za stendi na fremu zilikofungwa. Mara hii hatapoteza kioo cha dola chache. Atakunja stendi ya Harley, au atang'oa mahali ilipofungwa, na hilo halitengenezwi kando ya barabara Raton.