Plastiki Inayokumbuka Umbo: Jinsi Kisikizio Kinavyoziba Sikio Bila Kuliumiza

Kisikizio kinachovuja hakisaidii, na kinachobana hakivaliki. Mwanya mdogo tu kati ya kifaa na ngozi unatosha kupoteza besi ya muziki. Kwa mtu anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia hali ni mbaya zaidi: sauti iliyokuzwa hutoroka kwenye mwanya huo, hurudi kwenye maikrofoni na kuanza kupiga mluzi.

Ugumu unatokana na sikio lenyewe. Mfereji wake, wenye urefu wa takriban milimita 25, haukunyooka, na hakuna watu wawili wenye umbo moja. Sehemu ya nje ni gegedu, na husogea kila taya linapofunguka. Ndani zaidi ngozi ni nyembamba na imelala juu ya mfupa, kwa hiyo ikibanwa haina pa kukwepea. Njia iliyozoeleka ni kuingiza silikoni laini sikioni, kuisubiri igande, kisha kutengeneza kizibo kwa kufuata umbo hilo. Kizibo hicho kikiwa cha akriliki ngumu, hakifuati mwendo wa taya.

Hatua kubwa ilipigwa Marekani mwaka 1967. Ross Gardner na wenzake katika National Research Corporation walikuwa wakitafuta namna ya kuziba maungio, wakapata resini inayomeza nguvu za mtikisiko. Kufikia 1972 ilikuwa imeboreshwa na kuwa vizibo vya sponji vya kuzuia kelele. Mfanyakazi wa kiwandani anakisokota kizibo kati ya vidole hadi kiwe chembamba, anavuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, anakiingiza na kukishikilia. Kizibo hutanuka polepole mpaka kiguse ukuta pande zote. Kinachompa nafasi ya kukiingiza ni ule ucheleweshaji wa kurudi.

Polima za kumbukumbu ya umbo zimeongeza jambo moja muhimu: zinaweza kusubiri. Minyororo mirefu ya molekuli hufungwa pamoja kwa mafundo ya kikemia, kama nyuzi za wavu, na mafundo hayo ndiyo yanayotunza umbo la asili. Polima ikipashwa moto hadi ilainike, ikaminywa na kupozwa ikiwa imeminywa, minyororo hukwama na umbo jipya hubaki. Ikipata joto tena, minyororo hulegea na mafundo huirudisha katika umbo la mwanzo. Kisikizio huundwa kikiwa kinene kuliko mfereji, huminywa kikawa chembamba, na joto la mwili hukifungua kikiwa tayari ndani.

Mhandisi hapa ana mambo mawili ya kurekebisha, na uzuri wa kazi ni kwamba anaweza kuyashughulikia kwa kiasi kikubwa kila moja peke yake. La kwanza ni halijoto ya kulainika. Polima ya methili akrileti hulainika karibu na nyuzi joto 10. Ya isobonili akrileti hufika zaidi ya 90. Ukibadili uwiano wa mchanganyiko wa hizo mbili, unachagua kiwango chochote katikati. La pili ni wingi wa mafundo. Mafundo machache hutoa msukumo mpole, mengi hutoa msukumo mkali.

Walter Voit na wenzake, waliokuwa Georgia Tech, walichapisha mwaka 2010 kazi kuhusu akrileti za aina hii zinazovutika kwa zaidi ya asilimia 800 na bado kurejea. Kwa sikio, maana yake ni kubwa: saizi moja inaweza kufikia mfereji mwembamba na mpana bila kuhitaji nguvu nyingi. Kundi hilo lilionyesha pia kwamba plastiki inaweza kumiminwa kwanza kwenye kalibu kama plastiki ya kawaida, kisha mafundo yakaundwa baadaye kwa mionzi. Hapo ndipo uzalishaji wa bei nafuu unapowezekana.

Hata hivyo, kuna mtihani unaotuhusu sisi moja kwa moja. Chumba chenye nyuzi 20 kiko mbali na joto la mwili la 37. Dar es Salaam mchana wa Februari hufika 32, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hupita hata la mwili. Polima hailainiki ghafla kwenye nyuzi moja. Huanza mapema na kumaliza baadaye. Kisikizio kilichopangwa kwa nchi ya baridi kinaweza kufunguka kikiwa bado kwenye pakiti. Sponji nayo, kwenye joto, hutanuka haraka na kumpunguzia mtumiaji muda wa kuiingiza.

Kwa maoni yangu, teknolojia hii ni sahihi na inastahili kuendelezwa, ila haijakamilika mpaka ifanye kazi kwenye joto letu. Wabunifu waijaribu kwenye nyuzi 35 kabla ya kuiita tayari, na waandike kwenye pakiti halijoto ya kuhifadhi. Nawe msomaji unaponunua vizibo au visikizio, tafuta maelezo hayo, na usiviache garini.