Guo Huficha Sura, Halifichi Tabia: Jinsi Defender Mpya Ilivyojaribiwa

Mwaka 2019, katika hifadhi ya Borana huko Laikipia, Kenya, gari moja la magurudumu manne lilikuwa likikokota mizigo, likivuka mito na kuchukua mahitaji ya watunza wanyama, huku limevikwa, toka boneti hata mlango wa nyuma, ngozi ya plastiki yenye michoro iliyopindana hata jicho likakosa pa kutua. Gari hilo lilikuwa Defender mpya ya Land Rover, na siku ya ulimwengu kuonyeshwa sura yake ilikuwa haijafika. Waliopata kuziona picha zake walishughulika na swali moja: chini ya guo hilo mna nini? Nakusudia kulichambua swali hilo kwa utaratibu, kwa kuwa nina imani kwamba guo huficha sura lakini halina uwezo wa kuficha tabia, na kwamba ajuaye kutazama tumbo na magurudumu ya gari la majaribio aweza kutoka katika dhana akaingia katika yakini kabla kiwanda hakijafungua kinywa.

Yafaa kwanza ifahamike kwa nini dhana zilikuwa nyingi. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na uzao wake ukaendelea, kwa mabadiliko ya polepole, hata tarehe 29 Januari 2016, Defender ya mwisho ya namna ile ilipotoka katika kiwanda cha Solihull, Uingereza. Kwetu Afrika Mashariki gari hilo halikuwa chombo cha anasa. Ndilo lililomchukua tabibu, mwalimu, askari na bwana shamba, na ndilo lililobeba maiti ya mzee aliyeusia azikwe kwao, katika njia ambazo gari jingine lingekwama maili ya kwanza. Umbo lake lilitambulikana kwa mbali kama jahazi litambulikanavyo kwa tanga lake. Kwa hiyo kiwanda kilipoonyesha Frankfurt, mwaka 2011, magari ya mfano yaliyoitwa DC100, wapenzi wengi wa gari la kale waliyakataa, na tangu hapo kila aliyengoja mrithi alingoja kwa matumaini yaliyochanganyika na hofu: je, litasimama juu ya chesisi ya chuma na ekseli nzima, au litakuwa gari la mjini lililovikwa nguo za shamba?

Amma gari jipya halizaliwi kwa siku moja, na kila daraja ya kuzaliwa kwake ina dalili zake. Daraja ya kwanza ni ile ambayo wahandisi huliita gari lao baghala, yaani mnyama aliyezaliwa na punda na farasi, kwa sababu ndani mna injini, giaboksi na springi za gari linalokuja, na nje mna mwili wa kuazima kutoka gari ambalo tayari linauzwa. Baghala halisemi lolote juu ya sura, lakini husema mengi juu ya mifupa: masafa baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, upana wa nyayo zake, na urefu wa kimo chake, mambo ambayo hayawezi kuazimwa. Daraja ya pili ni gari lenye mwili wake wenyewe, lililovikwa guo na kubandikwa vipande vya uongo ili kingo zake zisisomeke. Na michoro ile iliyopindana haikuwekwa kwa urembo, bali kwa hila ya macho, kwa maana mtu hupima umbo la kitu kwa vivuli na mistari yake, na mistari ikivurugwa, hata lenzi ya kamera hushindwa kubainisha palipobonyea na palipotuna.

Lakini hila hiyo ina mipaka. Kioo hakiwezi kufunikwa kwa kuwa dereva lazima aone, gurudumu haliwezi kufungwa kwa kuwa lazima lizunguke, na tumbo la gari, likipanda jabali, hufunuka lote mbele ya aliyesimama bondeni. Hapo ndipo mtazamaji mwenye maarifa alipopaswa kuelekeza jicho lake. Katika Defender ya kale ekseli ni nzima, mhimili mmoja wa chuma toka gurudumu hata gurudumu, na baina ya magurudumu hayo lajitokeza bonge la difu, kifaa kigawacho nguvu ya injini kwa magurudumu. Gurudumu la kulia likipanda jiwe, ekseli yote huinama, na la kushoto husukumwa chini kulitafuta shimo, kama mizani ya dukani ambayo sahani moja haipandi ila ya pili ishuke. Katika gari lililovikwa guo mambo yalikuwa mengine: gurudumu moja lilipopanda, lile la pili halikusukumwa na mwenzake, bali lilifuata ardhi kwa mkono na springi yake lenyewe, na difu halikuning'inia baina ya magurudumu, lilikuwa limeinuliwa na kufungwa katika mwili. Aliyeliona jambo hilo alikuwa amekwisha kujibiwa nusu ya swali lake, kwa kuwa ekseli nzima ilikuwa imeachwa.

Nusu ya pili ilikuwa ni chesisi, na hii ilithibiti kiwanda kiliposema wazi kwamba gari jipya litajengwa kwa mwili mmoja wa alumini unaojibeba wenyewe, kwa msingi uliopewa jina la D7x, ambao kwa kipimo chao una ukakamavu mara tatu ya ule wa chesisi ya kawaida iliyotengana na mwili. Wengi walihuzunika, nami sioni kuwa huzuni yao ilikuwa ya kipumbavu, kwa sababu mfumo wa kale ulikuwa na fadhila ya kweli: ekseli nzima ikipanda jiwe hupanda pamoja na difu lake, kwa hiyo nafasi chini ya difu haipungui, ilhali katika mfumo mpya difu limefungwa mwilini, na mwili ukididimia kwa mzigo au kwa kishindo, nafasi ile hupungua. Hata hivyo insafu yataka upande wa pili nao usikizwe. Katika barabara ya changarawe iliyofanya mawimbi, ambayo watu wa Laikipia na wa Dodoma waijua sawasawa, uzito unaorukaruka pamoja na gurudumu ndio unaolinyima tairi kuishika ardhi, na uzito huo hupungua sana ekseli nzima inapoondolewa. Na ile nafasi inayopotea, wahandisi walitafuta kuirudisha kwa springi za hewa ziwezazo kuliinua gari milimita 75, na katika dharura milimita 70 zaidi. Gari lilipotoka, nafasi ya chini ilifikia milimita 291, na kina cha maji liwezacho kukivuka kikawa milimita 900, ilhali cha gari la kale kilikuwa 500.

Majaribio yenyewe yalikuwa mapana. Katika tangazo la Aprili 2019 kiwanda kilisema kwamba magari ya mfano yalikuwa yamekwisha kwenda kilometa milioni 1.2, na kwamba hata kumaliza, gari litakuwa limepita mitihani zaidi ya 45,000. Hesabu kubwa hupendeza sikioni, lakini faida haimo katika wingi bali katika sababu ya kila mahali palipochaguliwa. Baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri hutafutwa kwa kuwa mpira hukakamaa, oili huganda na betri hudhoofika. Joto la nyuzi 50 jangwani hutafutwa kwa kuwa mchangani injini hufanya kazi ya nguvu katika mwendo mdogo, na upepo unaoingia katika rejeta ni haba. Milima ya Colorado, kwenye futi 10,000, huipa injini hewa nyepesi. Njia ya Nürburgring, Ujerumani, hupasha breki moto na kuupima usukani. Majabali ya Moab, Marekani, huuliza ni wapi tumbo litakwaruzwa, na matope ya Eastnor, Uingereza, huuliza tairi itashika nini pasipo na cha kushika. Huko Dubai gari lilitiwa mikononi mwa wataalamu wa Shirikisho la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, watu ambao gari likikwama kwao huwa ni msaada uliochelewa.

Borana, nayo ina ukubwa wa hekta 14,000, ilikuwa na fundisho lake mbali na hayo yote, na hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo. Katika uwanja wa majaribio dereva hulijua jiwe lake, naye hulirudia mara mia kwa mwendo uleule. Hifadhini gari lilipewa kazi, kwa ushirikiano na shirika la Tusk linalolinda wanyama wa Afrika, na kazi haina adabu ya mtihani. Mzigo hufungwa upande na mtu mwenye haraka. Ukingo wa mto uliokuwa mkavu asubuhi huwa utelezi jioni. Vumbi laini kama unga hupenya katika kila mpira wa mlango. Na simba mwenye ukosi wa redio shingoni hachagui njia iliyo nyepesi kwa anayemfuata. Mhandisi hupima kile alichowaza kukipima, lakini mtumiaji hupima hata kile ambacho mhandisi hakukiwaza. Kwa sababu hiyo nasema jaribio la Borana, licha ya kuwa lilitangazwa kwa picha nzuri za kuuzia gari, lilikuwa na maana.

Tarehe 10 Septemba 2019, huko Frankfurt, guo lilivuliwa. Waliokisia kwa matamanio walikosea, na waliokisia kwa kutazama tumbo la gari walipata. Hukumu yangu ni kwamba majaribio yale yalifanywa kwa elimu na kwa bidii, na kwamba gari lililotoka lastahili kupimwa kwa kazi yake, wala lisihukumiwe kwa kuwa halikufanana na babaye. Lakini umo mtihani mmoja ambao gari la mfano haliwezi kuufanya, nao ni uzee. Gari la kale lilijulikana kwa fundi aliyelaza mgongo juu ya gunia, akafungua nati kwa spana tatu, akagonga, akasikiliza, likaondoka. Gari hili jipya hutaka kompyuta iseme neno kabla fundi hajanyoosha mkono, na springi yake ya hewa ikitoboka mbali na mji haishonwi kwa waya.

Kwa hiyo anayetaka kununua gari la namna hii, la kiwanda hiki au cha kingine, asiulize tu limejaribiwa kilometa ngapi. Aulize katika mji wake ni nani awezaye kulitengeneza, vipuri vyatoka wapi na kwa siku ngapi, kisha alipeleke mwenyewe, likiwa na mzigo wake wote, katika njia yake iliyo mbaya kuliko zote, kabla hajalipa.