Kipandio, Kichanja au Kiunzi?

Mfasiri aitaye "kipandio" fremu inayobeba paneli za umeme wa jua uwanjani amefasiri kitenzi cha kigeni, wala si kitu chenyewe. Kipandio ni cha kupandia, kama kidato cha ngazi. Neno "kichanja" lina uhai zaidi, kwani vijijini watu huanikia vyombo juu yake. Lakini kichanja huwa tambarare, na paneli hazina budi kuinamishwa, walau nyuzi 10, ili mvua ioshe vumbi. Yafaa basi "kiunzi", neno ambalo maseremala wanalo tayari.

Tatizo kubwa lipo miguuni. "Msingi" humfanya fundi afikirie uzito ushukao tu, ilhali upepo ukiingia chini ya paneli huziinua kama tanga. Zege lile kazi yake hasa ni kuzuia kiunzi kising'oke. Mabaharia wetu wana neno lake: nanga. "Nanga ya zege" ingemwonya fundi asipunje saruji.

Mwelekeo nao haufasiriwi neno kwa neno. Kitabu cha Kijerumani kisemapo paneli zielekee kusini, mfasiri amwandikiaye mkazi wa Dodoma, kusini ya ikweta, hana budi kuandika kaskazini.