Uhakiki wa Istilahi "Bila Kujeruhi" katika Uwekaji wa Mrija wa Hewa kwa Panya wa Maabara

Sehemu hii inahakiki istilahi moja: "bila kujeruhi", sifa inayoambatanishwa na mbinu ya kupitisha mrija wa hewa kinywani mwa panya mdogo wa maabara, mwenye uzani wa gramu 20 hadi 30, kwa ajili ya utafiti wa mapafu. Panya hulazwa kwa dawa ya usingizi, huning'inizwa kwa meno ya mbele kwenye ubao ulioinamishwa, ulimi huvutwa kando, na mwanga hutumika kuionyesha glota (ambayo sisi wanaisimu tunaijua zaidi kwa sauti zake). Mrija hupitishwa glota inapofunguka. Das na wenzake (2013) waliieleza mbinu ya aina hii kwa video, uamuzi wa busara, kwani maandishi pekee hayafundishi mkono.

Panya aliyepasuliwa koo kwa kawaida huuawa baada ya kipimo. Aliyewekewa mrija kinywani huamka na anaweza kupimwa tena. Hivyo idadi ya wanyama hupungua, jambo ambalo Russell na Burch walilitetea tangu 1959. Ubora huo hatuupingi.

Hata hivyo, istilahi inadai zaidi ya hapo. Kutopasua si kutojeruhi. Mrija ukikosea njia huingia umioni. Majaribio yakirudiwa, zoloto linaweza kuvimba, na katika njia nyembamba kiasi hicho hata uvimbe mdogo ni hatari. Katika mtiririko tulivu, nusukipenyo cha njia kikipungua kwa nusu, ukinzani huongezeka mara 16. Kanuni hiyohiyo inauhusu mrija wenyewe: ukinzani wake usipoondolewa katika hesabu, matokeo huuhesabu mrija kama sehemu ya pafu. Aidha, mrija wa kinywani haufungwi kwa uzi kama ule wa kooni, na hewa inaweza kuvuja pembeni.

Mwongozo wa ARRIVE unataka wanyama walioondolewa katika uchanganuzi watajwe pamoja na sababu. Penye "bila kujeruhi", panya aliyekufa mezani kabla ya kipimo huwa rahisi kumhesabu kuwa ajali isiyohusu mbinu. Kwa hiyo tunapendekeza "kupitia kinywa bila kupasua", na kamati ya maadili inayosoma ombi kwa Kiswahili idai pia kikomo cha majaribio kwa kila panya.