Sifa za Kuachia

Makanga wa zamani alishika gari kwa jiwe. Likisimama mlimani kupakia, aliruka chini, akasukuma jiwe nyuma ya gurudumu, akaanza kuita abiria. Kazi hiyo hata mtoto angeiweza. Fundi alikuwa dereva, maana ugumu wa mlima hauko katika kulishika gari. Uko katika kuliachia.

Mtazame dereva wa Probox ya gia za mkono anapoondoka kwenye mwinuko Khwisero, siku ya soko, mizigo imefika dirishani. Breki ya mkono iko juu. Anaachia klachi kidogo kidogo mpaka sauti ya injini izame na pua ya gari iinuke. Hapo anajua nguvu imefika magurudumuni, ndipo mkono unashuka. Akiwahi, atamrudia bodaboda aliye nyuma. Akichelewa, injini inazima na mama mwenye kuku anaanza kusema.

Ustadi huo wahandisi wameusaka muda mrefu. Mwaka 1936 Studebaker ya Marekani ilileta kifaa chenye gololi ndani ya njia ya mafuta ya breki: gari likielekea juu, gololi ilibingirika nyuma ikaziba njia, na breki zikabaki zimeshika hadi dereva aachie klachi. Gololi tu! Mimi bado naivulia kofia.

Siku hizi Honda Vezel, mtumba wa Japani uliojaa barabara za Kenya, lina kitufe cha kazi hiyo. Ukisimama umekanyaga breki, valvu za umeme hufunga mafuta uliyoyasukuma kwa mguu yasirudi. Unaondoa mguu, shinikizo linabaki. Lakini valvu zikishikilia hivyo hula umeme na kupata moto, kwa hiyo zikipita dakika 10, au dereva akifungua mkanda, mota hubana breki za nyuma; zikishabana hazihitaji umeme tena.

Yote hayo ni jiwe la makanga, limevaa suti. Uhodari wenyewe unaanza ukigusa akseleta. Mfumo uliotengenezwa vizuri hupima mwinamo wa gari, hupima nguvu inayotoka kwenye injini, na hufungua valvu pale tu nguvu inapoushinda mlima. Abiria hasikii kitu. Sikio la yule dereva wa Probox, na unyayo wake, vimeingia ndani ya kisanduku chini ya boneti.

Havikuingia vyote. Kipimo kinaujua mwinamo, udongo hakiujui. Mvua za Aprili zikilowesha barabara ya udongo, gurudumu lililoshikwa barabara huteleza likiwa vilevile limeshikwa. Dereva wa Probox hasubiri kufika huko. Anasimama chini, penye tambarare, anawashusha watu wapande kwa miguu, yeye anapandisha gari jepesi bila kusimama. Nauli haipungui.