Jozi Kumi na Moja Chini ya Bati Moja

Ilipofika saa kumi na mbili jioni, mzee jirani yetu pale Makongeni, Nairobi, hakuitikia salamu ya mtu. Alikuwa anahesabu. Njiwa walishuka mmoja mmoja kutoka paa la pili, wakatua kwenye ubao wa mlangoni, wakainama, wakaingia, naye midomo ikimcheza tu. Akishamaliza ndipo anakugeukia na "marahaba" yake iliyochelewa. Alikuwa mstaafu wa reli, kama wazee wengi wa mtaa ule uliojengewa wafanyakazi wa reli, na nadhani mazoea ya kuhesabu mabehewa hayakumtoka.

Kibanda chenyewe si ufundi. Mbao utazipata Gikomba, waya na bawaba Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, na kwa siku mbili umemaliza. Ufundi ni kuwaweka wengi humo ndani wakae bila kumalizana. Njiwa amepewa sifa ya upole asiyostahili. Anayemwita ndege wa amani hajaona madume wawili wakigombea chumba cha juu: wanapigana mabawa kama watu wanaokung'uta blanketi, wananyofoana manyoya ya kisogoni, na mayai ya asiyehusika yanapondwa katika vurugu hiyo. Na wote wanataka juu. Hakuna njiwa anayependa kuishi orofa ya chini.

Dawa ya mzee ilikuwa mambo matatu, na hakuyataja hata siku moja kama kanuni; mimi ndiye niliyeyaona kwa kumbebea maji. Vyumba vilizidi jozi, ili anayeshindwa huku apate pa kwenda. Kila chumba kilizibwa kwa ubao nusu ya mbele, dume asimwone jirani yake, maana ugomvi wa njiwa huanzia machoni. Na dume mseja hakulala humo. "Dume asiye na mke hatafuti mke," aliniambia huku akimtia mmoja kwenye boksi apelekwe kwa mtu Mbotela, "anatafuta kesi."

Ndani ya kila chumba mlikuwa na vibakuli viwili vya udongo. Nilidhani kimoja ni cha maji. Kumbe jike hutaga mayai mawili, huyaatamia kwa zamu na mumewe kwa siku 18 hivi, yeye usiku na dume mchana, kisha wote wawili, baba kwa mama, huwalisha makinda maziwa mazito yanayotengenezwa kwenye kifuko cha shingoni. Kabla makinda hayajatimiza mwezi na kutoka, mama anaweza kuwa ameshataga tena. Bila kibakuli cha pili atataga hapo hapo miguuni mwa watoto, na mayai hayatapona.

Shida ya kuwaweka wengi pamoja si ya njiwa peke yao. Kuna watu Marekani wanaofuga nyoka aina ya gata, wadogo, wenye mistari mgongoni, kadhaa pamoja katika sanduku moja la kioo. Wala si ajabu kwao kukaa kundi: huko Manitoba, Kanada, hulala majira ya baridi kwa maelfu ndani ya mashimo ya mawe ya chokaa. Lakini wakati wa kula mfugaji makini huwatenganisha, kwa sababu wawili wakiuma mnyoo mmoja, huyu kichwani na huyu mkiani, mkubwa anaweza kumeza mnyoo akaendelea na mwenzake. Hapa kwetu nyoka ni wa kuonwa kule Bustani ya Nyoka, kwenye makumbusho. Kumfuga kunahitaji leseni ya Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na kabla ya leseni kuna majirani na mawe yao. Ila niliposikia habari ya ule mnyoo nilimkumbuka mzee. Yeye hakuweka mtama kwenye sahani. Aliutawanya juu ya ubao mrefu, kutoka ukuta hadi ukuta, na mbabe hawezi kusimama kila mahali.

Mimi nilianza vibaya. Nilinunua jozi kwa kijana wa ng'ambo ya Jogoo Road, nikawafungia siku tatu, ya nne nikafungua mlango niwaonyeshe mtaa. Walizunguka paa letu mara mbili, wakapanda, wakarudi kwao. Nilipofika kuwadai, kijana alikuwa ameshamuuzia mwingine. Mzee alicheka hadi akakohoa. Njiwa mgeni, alisema, usimfungulie mpaka awe na mayai kwako. Kabla ya hapo umenunua manyoya tu.

Sasa nina kibanda changu, juu ya choo cha ploti, kimezungushiwa waya kwa ajili ya paka. Mwewe sina la kumfanya. Anga ya Nairobi ni yake. Vyumba 14, jozi 11. Nawajua kwa mwendo: yule kijivu anayeingia akirudi kinyumenyume, mama mweupe asiyeingia mpaka mumewe amtangulie. Jioni nahesabu hadi 22, na mke wangu ameshazoea kutojibiwa.

Tangu Jumapili nafika 23. Ni dume, mwekundu wa matofali, ana uzi wa buluu mguu wa kushoto, na ameshavunja mayai mawili chumba cha tatu. Sikumwita wala simtaki. Mwenyewe akisoma hapa, aje na boksi lake baada ya saa kumi na mbili na nusu, nikishamaliza kuhesabu.